Nikianza chuo cha miaka miwili Columbus, nipangeje ili krediti zangu zifike zote chuo kikuu?

Mbeba Boksi wa Ohio

Habari zenu, kaka na dada zangu, wakubwa, shikamooni.

Mimi na mama yangu tuliingia Columbus, Ohio, mwezi Juni 2024, baada ya mama kushinda bahati nasibu ya viza, na sote wawili tuna kadi ya kijani. Nyumbani Tanzania nilimaliza kidato cha nne, kisha nikasoma stashahada ya ufundi ujenzi kwa miaka mitatu. Kwa sasa nafanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Ninachokitaka ni shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi, na chuo kikuu ninachokilenga ni Ohio State. Kwa kuwa ada ya miaka yote minne pale siiwezi, nimeamua kuanza Columbus State Community College mwezi Agosti 2026, nisome miaka miwili, nikusanye krediti, yaani vipimo vya kila kozi ninayofaulu, halafu nihamie nazo. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Katika orodha ya programu nimeona shahada ya miaka miwili ya AAS (Associate of Applied Science) ya usimamizi wa ujenzi, ambayo inafanana sana na stashahada niliyonayo, na nimeona pia ile ya AS (Associate of Science) ambayo imejaa hesabu na sayansi na haitaji ujenzi mahali popote. Moyo wangu unaniambia nichukue ya ujenzi kwa sababu ndiyo njia yangu. Je, ni sahihi?

Pia nimefanya mtihani wa kupangiwa hesabu na nimeangukia aljebra ya chuo, ilhali kalkulasi nilikwishaisoma nyumbani. Naomba anayejua anieleze kama miaka miwili bado inatosha, na kama stashahada yangu ina kazi yoyote huku au nifunge ukurasa huo.

Bi Mkubwa wa Westerville

Marahaba, mdogo wangu. Nitajibu lile la kwanza tu, maana ndilo lililoniuma mimi mwenyewe.

Herufi A ya pili katika AAS, yaani Applied, si pambo. Shahada za AA (ya sanaa) na AS (ya sayansi) zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda mbele: ni nusu ya kwanza ya shahada ya kwanza, takriban krediti 60 kati ya 120. AAS imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka chuoni kwenda kazini moja kwa moja, na kozi zake nyingi ni za fani, ambazo chuo kikuu mara nyingi hakina mahali pa kuziweka.

Mimi nilisoma AAS ya kazi za ofisi za hospitali, katika jimbo jingine, nikavuna krediti 62 na nikafurahi kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba. Nilipoomba kuhamia shahada ya afya ya jamii, chuo kikuu kilinipa karatasi ya tathmini ambayo ninayo hadi leo. Krediti zilizoingia kwenye masharti ya shahada zilikuwa 21. Kozi yangu ya kuandaa bili za bima haikukataliwa, na hilo ndilo linalodanganya wengi. Ilipokelewa kama krediti huru, maana yake ilionekana kwenye hesabu ya jumla lakini haikuziba pengo hata moja. Mtu anayekwambia kwamba krediti zako zote zimekubaliwa bado hajakuambia zimekubaliwa kuwa nini.

Msinielewe vibaya, AAS si mtego kwa kila mtu. Uuguzi, kwa mfano, una njia yake: watu wengi wa kwetu husoma shahada ya miaka miwili, hufanya mtihani wa leseni, huanza kazi, kisha hukamilisha shahada ya kwanza kupitia programu zilizowekwa maalumu kwa wauguzi wenye leseni. Njia hiyo imejengwa na inapitika. Uhandisi hauna daraja la namna hiyo, kwa hiyo moyo wako katika hili usiusikilize.

Mhandisi Dayton

Ndugu Mbeba Boksi, Bi Mkubwa amekwishakata mzizi wa swali la kwanza, nami naongeza jambo moja tu kabla sijaingia kwenye hesabu. Hapa Marekani uhandisi na teknolojia ya uhandisi ni njia mbili zinazoishi jirani bila kuwa kitu kimoja. Usimamizi wa ujenzi ni kazi nzuri na ina mshahara mzuri, lakini ukitaka siku moja kusaini michoro ya daraja kwa jina lako, njia ya kawaida ni shahada ya uhandisi iliyothibitishwa na ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi, kisha mtihani wa FE wa misingi ya uhandisi, kisha miaka kadhaa ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, na mwishoni mtihani wa PE wa leseni yenyewe. Kama hiyo ndiyo nia yako, chukua AS.

Sasa kuhusu kupanga. Usianze na orodha ya kozi za Columbus State. Anza na mpango wa miaka minne wa uhandisi ujenzi wa Ohio State, ambao idara yao huuweka wazi kwa kila mtu. Uchapishe kwenye karatasi, uuweke mezani, kisha kaa na kalamu na uweke alama kwenye kila kozi ya miaka miwili ya mwanzo ambayo chuo chako kinaifundisha. Zitakazobaki bila alama ndizo zitakazokuambia ukweli kuhusu muda. Utaona pia kwamba vyuo hivi viwili vimerahisisha kazi kwa kutumia namba zilezile za hesabu: kalkulasi ya kwanza ni 1151 na ya pili ni 1152, huku na huku.

Jimbo la Ohio lina mfumo unaoitwa Ohio Transfer 36. Ni krediti 36 za masomo ya jumla, yaani uandishi wa Kiingereza, hesabu, sanaa na fasihi, sayansi ya jamii na sayansi asilia, ambazo vyuo vya umma vya jimbo vimekubaliana kuzipokea. Ni mpango mzuri, lakini usome mipaka yake. Unahakikisha kwamba krediti zitapokelewa, hauhakikishi kwamba wewe utapokelewa, na wala hauhakikishi kwamba kozi uliyoichagua ndiyo inayotakiwa na uhandisi. Ukichukua takwimu ili kutimiza sharti la hesabu, umetimiza sharti la jimbo na hujasogea hata hatua moja kuelekea kalkulasi. Kwa kozi za fani upo mpango mwingine wa jimbo, Transfer Assurance Guides, unaoonyesha kozi ipi ya chuo kipi inahesabiwa kuwa sawa na ipi. Itafute kozi yako humo kabla ya kulipia.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo miaka miwili inapokuwa mitatu. Hesabu za uhandisi ni mnyororo: aljebra ya chuo, kisha trigonometria na matayarisho ya kalkulasi, kisha kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha milinganyo tofautishi (differential equations). Hakuna pete unayoweza kuiruka. Fizikia ya wahandisi nayo inasubiri kalkulasi, na statiki, yaani somo la nguvu katika vitu vilivyotulia, ambayo ndiyo mlango wa kozi zote za ujenzi, inasubiri fizikia. Ukianza na aljebra mwezi Agosti, na usisome kipindi cha kiangazi, utafika kalkulasi ya kwanza mwaka wa pili na ya pili mwishoni mwa mwaka huo, na utahamia chuo kikuu ukiwa na krediti 60 huku mnyororo wako ukiwa bado nusu. Utaitwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa krediti, lakini utakaa darasani na wa mwaka wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: rudia mtihani wa kupangiwa. Mimi mwenyewe nilipofika niliufanya nikiwa nimetoka kazini, bila kugusa hesabu kwa miaka miwili, nikaangukia chini kuliko wewe. Vyuo vingi hutumia mtihani wa kompyuta uitwao ALEKS, ambao unakuonyesha ulipokosea na kukupa mazoezi kabla ya jaribio jingine. Nilikaa nao wiki tano, nusu saa kila siku kabla ya zamu, na nilichokigundua ni kwamba sikuwa nimesahau kalkulasi. Nilikuwa nimesahau logi na sehemu zenye herufi. Jaribio la pili liliniokolea mihula miwili, na halikunigharimu kitu zaidi ya usingizi. Kama stashahada yako ilikuwa na kalkulasi ya kweli, hutakuwa na sababu ya kulipia aljebra.

Jambo la mwisho, ambalo washauri wengi huligusa juu juu. Utaambiwa umalize kwanza masomo yote ya jumla halafu ndiyo uingie kwenye magumu. Kwa mwanafunzi wa historia ushauri huo hauna ubaya. Kwa mhandisi una ubaya, kwa sababu utafika mahali ambapo kozi zilizobaki ni kalkulasi na fizikia tupu, zote mbili za krediti tano na zenye maabara au mazoezi yasiyoisha, na huna kozi nyepesi ya kuchanganya ili ufikishe krediti 12 zinazokufanya uhesabiwe mwanafunzi wa muda wote. Acha kozi mbili au tatu za jumla kama akiba. Mimi niliacha moja ya historia ya Marekani, nikaisoma muhula uleule wa kalkulasi ya tatu, na sijutii.

Mto Ruzizi, Akron

Nawasalimu wote. Mzee Mhandisi amesema vizuri, lakini mimi napingana naye mahali pamoja. Ukiacha kozi za jumla kama akiba, unaweza kuhamia kabla ya kuipata ile shahada ya miaka miwili, na wako wengi wanaoambiwa kwamba kwa uhandisi karatasi hiyo haina uzito. Mimi nilitoka Uvira, nikaishi kambini Nyarugusu miaka tisa, na nimejifunza kwamba maisha hukata safari bila kupiga hodi. Nilipokuwa muhula wa nne baba aliugua, nikasimamisha masomo miaka miwili. Niliposimama nilikuwa tayari na shahada ya AS mkononi, kozi moja pungufu na ningeikosa, na karatasi hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye mashine ya kufunga mizigo ikanipeleka ofisi ya vipimo vya udongo. Rafiki yangu aliyehama mapema na kukwama chuo kikuu ana krediti 80 na hana cheti chochote.

Mhandisi Dayton

Ndugu Ruzizi, hoja yako ni nzito na naikubali kwa nusu. Kama kozi zinazokosekana ili kuipata AS ni mbili, azimalize. Kama ni tano, na hakuna hata moja inayotakiwa kwenye uhandisi, atakuwa ananunua karatasi kwa muhula mzima wa maisha yake. Iko pia njia ya katikati ambayo watu hawaitumii: baadhi ya vyuo hukubali urudishe krediti ulizopata chuo kikuu ili zikamilishe shahada ya miaka miwili uliyoiacha njiani. Aulize siku ya kwanza, asisubiri siku ya kuondoka.

Mbeba Boksi wa Ohio

Nashukuru sana, wakubwa. Nimeuchapisha ule mpango wa miaka minne na nimeubandika kwenye mlango wa jokofu, mama anadhani ni ratiba ya dawa.

Mniwie radhi niongeze mawili. Kwanza, stashahada yangu niipeleke wapi? Pili ni fedha. Nilidhani kwa kuwa nafanya kazi na ninajilipia kila kitu, nitajaza peke yangu fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, lakini imenidai taarifa za mama. Nimezaliwa Machi 2003.

Bi Mkubwa wa Westerville

La fedha niachieni, nimeijaza fomu hiyo kwa wanangu wawili na kwa nusu ya watoto wa kanisani.

Serikali ya Marekani haiangalii nani analipa kodi ya nyumba. Kwa mwaka wa masomo wa 2026–27, asiyeoa, asiye na mtoto na asiye mwanajeshi huhesabiwa kuwa anajitegemea ikiwa amezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003. Wewe umekosa kwa miezi miwili na siku kadhaa. Kwa hiyo mama atafungua akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, na atatoa idhini ya taarifa zake za kodi kuvutwa; usimfungulie kwa barua pepe yako, utakwama. Lakini usihuzunike, kwa sababu fomu ya mwaka huo hutumia kodi ya mwaka 2024, na ninyi mliingia Juni, yaani mapato yanayoonekana ni ya nusu mwaka tu. Huenda huo ndio mwaka utakaopata ruzuku kubwa kuliko yote. Fomu ya mwaka utakaofuata, 2027–28, itatazama kodi ya 2025, lakini wakati huo utakuwa umevuka mstari wa umri na utajaza peke yako.

Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Wengi hawajui kwamba ina kikomo cha maisha: ni sawa na mihula 12 ya muda wote, basi. Kila kozi ya aljebra unayoisoma bila kuihitaji inakula humo. Na kozi isiyokuwemo kwenye programu uliyojiandikisha inaweza isilipiwe kabisa, ndiyo maana Mhandisi anasisitiza karatasi ya mpango. Chuo pia kitaangalia kama unasonga mbele: vyuo vingi hudai wastani wa alama usiopungua 2.0 na umalize angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Ukijiandikisha kozi nne ukiwa unafanya zamu ya usiku, kisha ukaziacha mbili katikati, umeshuka hadi asilimia 50 ndani ya muhula mmoja. Anza na tatu, mdogo wangu. Pell hupungua kwa kiasi cha krediti, lakini haipotei.

Mhandisi Dayton

Kuhusu stashahada: ipeleke kwa shirika la tathmini linalotambulika, kama WES au ECE, na uombe ripoti ya kozi moja moja, siyo ile fupi inayotaja kiwango cha cheti tu. Ada yake ni kubwa zaidi kidogo, lakini ile fupi haimsaidii mtu wa kusajili krediti. Kabla ya kulipa, uliza Columbus State na Ohio State ni mashirika yapi wanayakubali. Wakati huohuo, muombe mtu aliyeko nyumbani akutafutie muhtasari wa kila kozi uliyoisoma: mada, saa za darasani, na kitabu kilichotumika. Bahati yako ni kwamba vyuo vya ufundi vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, hivyo hutalipia mtafsiri. Usitarajie mengi kwenye kozi za fani. Tarajia mchoro wa kihandisi labda, upimaji ardhi labda, na hayo yatategemea profesa atakayesoma muhtasari huo. Mimi nilipata krediti sita kwa miaka yangu mitatu, na ya upimaji ardhi niliipata kwa sababu nilimpelekea daftari la mazoezi ya uwandani lenye vipimo nilivyovichukua kwa mkono wangu.

Kuhusu kupokelewa Ohio State: utaingia kwanza ukiwa mwanafunzi wa matayarisho ya uhandisi, kisha utaomba kuingia kwenye fani yenyewe, na kinachotazamwa zaidi ni alama zako za hesabu na sayansi. Alama utakazotoka nazo Columbus State hazihesabiwi kwenye wastani wako mpya. Krediti huhamia, wastani huanza upya. Kwa aliyepata A hiyo inauma kidogo. Muhula wa kwanza baada ya kuhama ndio unaowaangusha watu, kwa hiyo usihamie ukiwa na kozi tano na zamu ya usiku.

Mbeba Boksi wa Ohio

Nimerudi baada ya wiki sita, niwape taarifa.

Nimerudia mtihani na sasa nimepangiwa matayarisho ya kalkulasi, aljebra imenipita. Nimejiandikisha AS. Muhula wa Agosti nina kozi tatu: hesabu hiyo, uandishi wa Kiingereza, na kemia pamoja na maabara yake. Kalkulasi ya kwanza ni Januari, ya pili ni kiangazi. Mama amefungua akaunti yake ya FAFSA baada ya kusahau nywila mara tatu. Muhtasari wa kozi zangu za nyumbani umepatikana, ila wa mwaka wa pili una kurasa mbili zilizoliwa na mchwa, na mwalimu aliyeuandika amestaafu, tunamtafuta Morogoro.

Kiongozi wa zamu amekubali kunihamishia mwisho wa juma, Ijumaa hadi Jumapili, kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Swali dogo la mwisho kwa Mzee Mhandisi: kalkulasi ya pili ya kiangazi inabanwa kwenye wiki chache. Inawezekana?

Mhandisi Dayton

Inawezekana ikiwa ndiyo kozi pekee uliyoichukua kiangazi hicho. Mfululizo na integrali hazimsubiri mtu, na kila siku ya darasa ni kama siku mbili za muhula wa kawaida. Ukiona Januari kwamba kalkulasi ya kwanza imekupa jasho, iache ya pili hadi Agosti uisome pamoja na fizikia ya kwanza, na kiangazi usome moja ya kozi za jumla ulizoziweka akiba.